Nyimbo za kuchangia waathirika wa maafa: mbona zikirudiwa hazipokelewi kama mwanzo?

Mwalimu wa Kwaya, Morogoro

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kufikiri. Ninafundisha kwaya ya shule ya sekondari, na hivi karibuni niliwasikilizisha wanafunzi wangu rekodi mbili za wimbo "We Are the World": ile iliyorekodiwa Los Angeles usiku wa tarehe 28 Januari 1985 kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, na ile iliyorudiwa mwaka 2010 baada ya tetemeko la ardhi la Haiti. Sikuwaambia ipi ilitangulia. Karibu wote waliichagua ya 1985, na nilipowauliza sababu, wengi walisema kwamba katika ile nyingine hawakujua wamsikilize nani.

Siku zote niliamini kwamba sisi wakubwa tunaipenda rekodi ya zamani kwa ajili ya kumbukumbu tu, maana mimi niliijua kwa kaseti ya marehemu baba yangu. Watoto hawa hawana kumbukumbu hiyo. Tena jambo lenyewe halikuwapata Wamarekani peke yao. Wimbo wa Waingereza wa mwaka 1984, "Do They Know It's Christmas?", uliotungwa kwa ajili ya njaa hiyohiyo ya Ethiopia, umerudiwa mwaka 1989, 2004 na 2014, kisha sauti za zamani zikachanganywa upya mwaka 2024. Marudio yale matatu yote yalishika nafasi ya kwanza katika chati za Uingereza, lakini lawama zimezidi kukua mwaka hadi mwaka. Je, kasoro iko kwenye muziki, au ni sisi wasikilizaji tuliobadilika?

Fundi wa Studio, Nairobi

Mwalimu, wanafunzi wako wana masikio mazuri. Mwaka 1985 Quincy Jones, mtayarishaji wa rekodi ile, aliwapanga waimbaji kama mtu anayepanga ala: sauti nyororo ikifuatwa na ya mkwaruzo, ya juu ikipokelewa na ya chini, kila mmoja akipewa maneno machache ambayo yalitosha msikilizaji amtambue. Ukimsikia Ray Charles, au Cyndi Lauper, au Bruce Springsteen, huhitaji kutajiwa jina. Mwaka 2010 walikusanyika wasanii zaidi ya 80, wakaongezewa sehemu ya kufokafoka, na baadhi ya sauti zikapitishwa kwenye Auto-Tune, programu ambayo hunyoosha sauti hadi zikaanza kufanana. Sehemu iliyokuwa ya Bob Dylan akapewa Lil Wayne, naye akaiimba kupitia programu hiyohiyo. Kwa wimbo ambao nguvu yake yote ilikuwa katika utofauti wa sauti, hilo lilikuwa kosa kubwa la kiufundi, hata kama nia ilikuwa njema.

Kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana. Mwaka 1984 kununua santuri kulikuwa ndiko kuchangia kwenyewe, kwa kuwa mtu alitoka nyumbani, akalipa dukani, akarudi na kitu mkononi kinachomshuhudia kwamba ametoa. Santuri ya Waingereza iliuzwa nakala zaidi ya milioni 3 nchini mwao, na ile ya Wamarekani zaidi ya milioni 20 duniani. Kufikia mwaka 2010 video ilitazamwa bure kwenye intaneti, na aliyetaka kuchangia Haiti aliweza kutuma pesa kwa ujumbe wa simu bila kuusikia wimbo wowote. Kazi ya wimbo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na simu, kwa hiyo watu wakabaki kuupima kama muziki mtupu.

Mtafsiri, Addis Ababa

Aliyoyasema Fundi ni kweli, lakini mimi naona mzizi uko kwingine, yaani katika swali la nani anayeimbiwa. Nimeishi hapa Ethiopia miaka kadhaa, na kila mwaka tarehe 7 Januari ninaona Wakristo wa hapa wakisherehekea Genna, ambayo ndiyo Krismasi yao. Ukristo uliingia katika nchi hii karne ya 4, kabla ya kufika katika sehemu kubwa ya Ulaya. Wimbo unaouliza iwapo watu hawa wanajua kwamba ni Krismasi, na unaoielezea Afrika kama mahali pasipo mto, hali Nile ya Buluu inatoka Ziwa Tana, haukuandikwa kwa kudhani kwamba wao nao wangeusikia. Uliandikwa ili Mwingereza amwimbie Mwingereza mwenzake.

Hata lugha yetu iliguswa. Usiku ule wa Los Angeles Stevie Wonder alipendekeza kipande kiimbwe kwa Kiswahili, hadi wenzake walipomweleza kwamba Waethiopia hawazungumzi Kiswahili. Sina shaka na moyo wake, lakini kisa hicho kinaonyesha jinsi waliokuwa wakiimbiwa walivyokuwa mbali na chumba kile.

Mwaka 2014, wimbo wa Waingereza uliporudiwa kwa ajili ya Ebola ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, baadhi ya maneno yalibadilishwa, na bado Fuse ODG, msanii Mwingereza mwenye asili ya Ghana, alikataa kushiriki baada ya kuyasoma, akaeleza sababu zake gazetini. Mwaka 2024 Ed Sheeran, ambaye sauti yake ilichukuliwa kutoka rekodi ya 2014, alisema hakuombwa ridhaa na kwamba angeombwa angekataa. Wanaosemwa wamepata pa kujibia, na ndiyo maana kila marudio yanazidi kuwa magumu.

Linganisha na "Africa Stop Ebola" ya mwaka huohuo wa 2014, ambamo Tiken Jah Fakoly, Salif Keita, Oumou Sangaré na wenzao waliimba kwa Kifaransa na lugha za Afrika Magharibi, wakiwaambia wananchi wawaamini madaktari na wasiwaguse wagonjwa. Wimbo ule ulikuwa unazungumza na mtu aliye hatarini mwenyewe. Mimi huusikiliza nikaona kwamba ninaheshimiwa.

Mzee wa Santuri, Dar es Salaam

Mwanangu Mtafsiri, hoja yako nzito nimeikubali, ila usinifanye niwabeze watu wa 1984. Nilikuwa kijana wakati huo. Picha za njaa za Korem, kaskazini mwa Ethiopia, zilizorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba zilipigwa na Mohamed Amin, Mkenya aliyekulia hapahapa Dar es Salaam, na bila kamera yake Bob Geldof, mmoja wa watunzi wa wimbo wa Waingereza, asingeandika chochote. Kwa hiyo Mwafrika hakukosekana katika kisa hiki. Jina lake ndilo lililosahaulika. Fedha zilizopatikana zilinunua malori na kusafirisha chakula, na aliyekipata hakuuliza kimetokana na beti gani.

Lawama yangu mimi ni kwamba nyimbo zile hazikutaja vita. Ukame ulikuwepo, lakini serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana kaskazini, na vita hivyo vilizuia chakula kuwafikia watu. Wimbo wa kuchangisha hupenda msiba usio na mwenye kosa, na tabia hiyo imerithiwa na marudio yote.

Mwalimu wa Kwaya, Morogoro

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Sikuwa nimefikiria kabisa suala la nani anaimbiwa. Kipindi kijacho nitawasikilizisha wanafunzi "Africa Stop Ebola", kisha tutazame ramani ya Nile. Mzee, je, katika santuri zako unayo "Tam Tam pour l'Éthiopie" ya mwaka 1985, ile ambayo Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kamerun, aliwakusanya wanamuziki wa Afrika? Ningependa waisikie kando ya ile ya Los Angeles, kwa kuwa ni za mwaka mmoja na njaa ni ileile.