Nitaupataje muziki mpya wa Wamalta, zaidi ya ule wa Eurovision?

Msikilizaji wa Usiku aliuliza:

Ndugu wapenzi wa muziki, naomba mwongozo wenu. Mwezi uliopita nilisikia kwa bahati redioni bendi iliyokuwa ikiimba kwa Kimalta, lugha ambayo sikuwahi kuisikia ikiimbwa, na kabla mtangazaji hajataja jina la bendi hiyo matangazo yakakatika. Kilichonishangaza ni kwamba katika kiitikio nilishika maneno mawili bila kufundishwa na mtu: baħar na dinja. Bahari na dunia! Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kwenye intaneti, na kila ninapoandika neno Malta pamoja na neno muziki, naletewa nyimbo za Eurovision, yale mashindano ya nyimbo kati ya nchi za Ulaya, na matangazo ya matamasha ya kiangazi ambayo wanaopanda jukwaani karibu wote ni wageni.

Sina ugomvi na Eurovision. Nimemsikiliza Ira Losco, aliyeshika nafasi ya pili mwaka 2002, na Chiara, aliyeshika nafasi hiyohiyo mwaka 2005, na nakiri kwamba wote wawili wana sauti. Hata hivyo sidhani kama nchi nzima huimba usiku mmoja tu kwa mwaka. Ningependa kujua ni akina nani wanaotunga na kurekodi visiwani humo, ni akina nani waliohamia nchi nyingine na bado wanaimba, na mtu asiyejua Kimalta aanzie wapi ili asiishie kuzunguka pale pale.

Niliyekaa Msida alijibu:

Karibu sana, ndugu. Nilikaa Malta miaka mitatu nikisoma, na mwaka wa kwanza nilipotea kama ulivyopotea wewe. Tatizo lako la kwanza ni herufi. Kimalta ni lugha yenye asili ya Kiarabu, lakini huandikwa kwa herufi za Kilatini zilizoongezewa ċ, ġ, ħ, ż na ile herufi pacha għ, ambayo mara nyingi haitamkwi kabisa. Muziki wa jadi wa huko huitwa għana, na hutamkwa kama «aana». Ukiandika neno hilo bila kile kistari cha juu ya h, utaletewa muziki wa nchi ya Ghana, ambao ni mzuri lakini sio uliouomba. Nilipoteza jioni nzima kwa kosa hilo. Nakili herufi hizo mahali unapoweza kuzipata upesi, kisha tafuta kwa maneno ya wenyewe: mużika Maltija, kantawtur kwa mwimbaji anayejitungia nyimbo zake, na għannejja kwa waimbaji wa għana. Kisiwa cha Gozo nacho kitafute kwa jina lake la Kimalta, Għawdex, kwa sababu bendi za huko hujitambulisha hivyo.

Kwa bendi zinazoimba kwa Kimalta, ningeanza na Brikkuni, ambao albamu yao Kuntrabanda ilitoka mwaka 2008 na ndiyo iliyonifanya niamini kwamba lugha hii inaweza kubeba kejeli, hasira na huzuni katika wimbo mmoja. Kisha wapo The Travellers kutoka Gozo, wenye nyimbo nyepesi zaidi ambazo vijana wa huko huziimba kwa moyo, na No Bling Show kwa upande wa rapu. Tafuta pia orodha za washiriki wa mashindano ya Mużika Mużika, ambayo tangu mwaka 2021 yanashindanisha nyimbo za Kimalta, na zile za L-Għanja tal-Poplu, yaliyoanza mwaka 1976. Katika orodha hizo usiishie kwenye jina la mwimbaji. Soma jina la mtunzi wa maneno na la aliyepanga ala, kisha fuata majina hayo yanakokwenda. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi 519,562 nchini humo, kwa hiyo wapigaji ni walewale: mimi mwenyewe nilimwona mpiga ngoma mmoja katika bendi tatu tofauti ndani ya mwezi mmoja, na kupitia kwake nikazijua bendi nyingine mbili.

Ukifika kwenye għana yenyewe, nakushauri uanze na ile inayoitwa spirtu pront, yaani majibizano ya papo kwa papo. Mara ya kwanza niliisikia katika baa ndogo mjini Żejtun, Jumapili asubuhi. Waimbaji walikuwa wanne na magitaa matatu. Mwimbaji mmoja, mzee mwenye kofia, alikuwa akitazama sakafu wakati magitaa yakipiga kati ya ubeti na ubeti, midomo ikimchezacheza kama anayehesabu fedha, kisha akainua kichwa na kumtupia mwenzake mishororo minne iliyowafanya watu waliokuwa kaunta waweke glasi zao chini. Sikuelewa neno hata moja, ila nilielewa kwamba mtu amejibiwa. Baadaye nilieleweshwa kwamba ubeti una mizani nane na saba kwa kupokezana, kina kinaangukia mshororo wa pili na wa nne, na waimbaji wanapokuwa wanne, wa kwanza hujibizana na wa tatu, na wa pili na wa nne. Ukilijua hilo, rekodi ya saa nzima ambayo ingekuchosha inageuka kuwa mazungumzo mawili yaliyosukwa pamoja. Sisi tunaosema «kughani shairi» hatuna sababu ya kuogopa sanaa hii, maana hata neno lenyewe ni la ukoo mmoja na għana.

Mwenye Santuri alijibu:

Naunga mkono aliyosema ndugu wa Msida, ila ameacha nusu ya swali, ile ya walioondoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili maelfu ya Wamalta walihamia Australia, Kanada, Uingereza na Marekani, na katika sensa ya Australia ya mwaka 2021 watu karibu 200,000 walijitambulisha kuwa na asili ya Malta. Mtu anayetafuta muziki wa Wamalta kisha asiutafute hata Melbourne, huko Australia, amefunga jicho moja. Joe Camilleri alizaliwa Malta mwaka 1948, akapelekwa Australia akiwa mtoto mdogo, na huko akaongoza Jo Jo Zep and The Falcons, kisha The Black Sorrows. Katika muziki wake utasikia roki, bluzi na rege, wala hutasikia gitaa la Żejtun, na hapo ndipo kila mmoja atajiamulia kama huo ni muziki wa Kimalta au ni muziki wa Mmalta tu. Mimi nauweka kabatini pamoja na mingine bila kusita. Vilevile Marc Storace, sauti ya bendi ya Uswisi iitwayo Krokus, ni mzaliwa wa Malta, na nimewahi kubishana na shabiki mkubwa wa bendi hiyo ambaye hakulijua hilo hata kidogo.

Kwa muziki wa jukwaa la kimya, yaani ule wa kukaa kitini na kufunga simu, yupo tenori Joseph Calleja, aliyezaliwa mwaka 1978 na kuimba kwa mara ya kwanza katika jumba la Metropolitan Opera la New York mwaka 2006, na yupo mpiga fidla Carmine Lauri, ambaye amekuwa miongoni mwa viongozi wa London Symphony Orchestra. Calleja ni mkubwa kiasi kwamba huhitaji msaada wangu kumpata. Italia nayo isisahauliwe, kwa kuwa iko jirani na televisheni zake zimetazamwa Malta kwa miongo mingi: Emma Muscat alijipatia wasikilizaji huko kupitia shindano la Amici mwaka 2018, kabla ya kuiwakilisha Malta Eurovision mwaka 2022.

Kuna jambo moja ambalo watu hulidharau wanapotafuta muziki mpya, nalo ni kwamba muziki wa zamani uliofichuka upya ni mpya kwa anayeusikia leo. Mwaka 1931 na 1932 kampuni za santuri ziliwarekodi waimbaji na wapigaji wa Kimalta, na kwa kuwa visiwani hapakuwa na mitambo, watu hao walivuka bahari kwenda Tunis na Milano ili kuimba mbele ya kipaza sauti. Santuri hizo zilitawanyika majumbani hadi mwanamuziki na mtafiti Andrew Alamango alipozikusanya na kuzitoa upya kwa jina la Malta's Lost Voices. Ninayo nakala. Katika baadhi ya nyimbo mkwaruzo wa sindano karibu unaimeza sauti, lakini unapoisikia għana ikifuatwa na wimbo wa kuchekesha wenye mahadhi ya Kiitaliano, unatambua kwamba huku kuchanganya mambo hakukuanza na vijana wa sasa. Kumbuka tu kwamba hata rekodi za kwanza kabisa za visiwani zilifanywa nje ya nchi, kwa hiyo mpaka kati ya nyumbani na ugenini haujawahi kuwa mnene.

Asiyependa Makumbusho alijibu:

Wakuu wangu, naheshimu yote mliyoyaandika, lakini mnampeleka ndugu yetu makumbusho ilhali yeye ameomba muziki mpya. Pia sikubaliani na dhana iliyojificha katika majibu yenu kwamba kilicho cha kweli lazima kiwe kwa Kimalta. Kiingereza ni lugha rasmi huko, na sehemu kubwa ya bendi zimekitumia tangu zamani bila kujiona wageni kwao. Beangrowers, walioongozwa na sauti ya Alison Galea, waliimba kwa Kiingereza, na binafsi nawaweka juu ya wengi mliowataja. Beheaded wanapiga metali ya kifo, aina ya roki nzito na kali sana, tangu mwaka 1991 na wanajulikana na watu ambao hawawezi kuionyesha Malta kwenye ramani. Upo hata mkusanyiko wa kila mwaka wa metali nzito ya mwendo wa polepole, Malta Doom Metal Weekend, na orodha za wanaoshiriki ni njia nyingine ya kuzijua bendi za nyumbani. Kwa ladha hizi, nenda Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huuza kazi zao wenyewe, tafuta kwa neno malta katika alama za utafutaji (tags), panga matokeo kuanzia yaliyotoka karibuni, na usikilize kwa uvumilivu. Kazi tatu kati ya tano hutazipenda. Ya nne itakushughulisha wiki nzima.

Hata Eurovision mnayoipuuza ina jambo la kufundisha. Malta iliingia mwaka 1971 na 1972 kwa nyimbo za Kimalta, ikashika mkia mara zote mbili, na iliporudi baadaye ikawa inaimba kwa Kiingereza. Kisha mwaka 2025 Miriana Conte akaja na wimbo ulioitwa Kant, neno ambalo kwa Kimalta maana yake ni kuimba tu, na kwa kuwa masikioni mwa Waingereza linasikika kama tusi, ikabidi neno hilo liondolewe na wimbo upewe jina la Serving. Sisemi kwamba aliyeutunga hakujua anachokifanya. Alijua vizuri sana! Lakini kwa wiki kadhaa watu wengi ambao hawakuwahi kuifikiria lugha hiyo walijikuta wakibishana juu ya neno lake moja, jambo ambalo albamu nzuri kumi zisingeweza kulifanya.

Jambo la mwisho kwangu ni wapulizaji. Ukisikia tarumbeta au klarineti safi katika bendi ya vijana wa Malta, uwezekano ni mkubwa kwamba mpigaji alianza utotoni katika kile wanachokiita każin tal-banda, klabu ya bendi ya mji, ambayo hupiga barabarani katika sikukuu ya mtakatifu wa parokia. Baadhi ya miji ina klabu mbili zinazoshindana hadi leo. Kwa hiyo hata roki yao ina mguu mmoja kwenye maandamano ya kanisa.

Niliyekaa Msida alijibu:

Sikusema kwamba Kiingereza hakina haki, ndugu yangu, nilisema aanze na Kimalta kwa sababu kilichomvuta ni baħar na dinja. Hoja yako ya Bandcamp naikubali yote. Ninaongeza kitu kimoja nilichokisahau: Toni Sant ana podikasti iitwayo Mużika Mod Ieħor, inayopiga kazi za wanamuziki wa Kimalta walioko nyumbani na walioko nje, za Kimalta na za Kiingereza, bila kuzitenganisha. Yeye ndiye pia aliyeanzisha Malta Music Memory Project, ambako utakuta kumbukumbu za nani alipiga na nani na lini. Mimi husikiliza kwanza, nikikutana na jina jipya nakwenda huko kuangalia alikopita.

Msikilizaji wa Usiku alijibu:

Nawashukuru wote, pamoja na anayechukia makumbusho. Nimefuata ushauri wenu kwa siku kumi na naona nilete taarifa. Herufi ħ na għ nimezihifadhi kwenye simu, na kweli Ghana imeondoka. Kuntrabanda nimeisikiliza mara nne, mara mbili za mwisho nikiwa na kamusi, na nimeanza kuyatambua maneno kabla hayajafika: qalb, yaani moyo, ambayo washairi wetu wa kale wangeiandika kalbi, na żmien, ambayo nadhani haihitaji kamusi. Beangrowers wamenipendeza pia, ingawa sikutarajia. Beheaded nimewavumilia dakika sita, naomba nisiulizwe zaidi.

Spirtu pront ndiyo iliyonipa kazi. Nilipata rekodi ya waimbaji wanne, nikachukua karatasi, nikawa naandika namba ya kila anayeimba ili nijue nani anamjibu nani. Wa kwanza na wa tatu walianza kwa upole. Kufikia ubeti wa saba hivi, wa tatu aliimba mshororo mmoja, nyuma yake pakasikika kicheko cha ukumbi mzima, na wa kwanza alipopata zamu yake alichelewa kidogo kuanza, gitaa likarudia mzunguko wake mara moja zaidi likimngoja. Nimekisikiliza kipande hicho mara nyingi kuliko wimbo wowote mwaka huu, na bado sijui alimwambia nini.

Bendi ile ya redioni sijaipata. Kama yupo mwenye kujua Kimalta ambaye atakubali nimtumie dakika mbili za majibizano hayo anifasirie ubeti huo mmoja, namwomba ajitokeze hapa.