Tupeane uzoefu: ile kazi ya kundi ya mabamba ya dunia, kwenu ilikuwaje?

Fundi Maboksi
Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi karudi na karatasi ya mwalimu wa jiografia: watu sita, siku kumi, watengeneze mfano unaoonyesha jinsi mabamba ya dunia, vile vipande vikubwa vya mwamba vya ganda lake la nje, yanavyosogea. Leo ni siku ya tatu na kati ya hao sita wamebaki wawili. Nimecheka mpaka mama yake akauliza nimepatwa na nini, maana na mimi yalinikuta hayo hayo.

Sisi tulikuwa Tukuyu, 2003. Kundi la watu saba, wenye kufanya kazi watatu, waliobaki walikuwa majina tu kwenye karatasi. Tukachagua mabamba yanayogongana, India na Asia, kwa sababu kitabuni kulikuwa na picha kubwa ya Himalaya na tukadhani ndiyo rahisi. Seremala jirani na shule akatupa kasha la mbao lisilo na mfuniko. Ubavu mmoja tukautoa, tukaweka kioo cha dirisha. Chini tukatandika karatasi mbili za manila zinazopandana kidogo katikati. Moja tuliibana kwa misumari, ya pili tukaigundisha kwenye kibao chenye mpini. Halafu mchanga mkavu, ukisawazishwa kwa rula, juu yake unga wa sembe tuliouchota jikoni kwa wizi, mchanga tena, unga tena, tabaka saba. Ukichungulia kwenye kioo unaona mistari myeupe imelala imenyooka. Ilituchukua siku mbili, na mtu akipiga chafya karibu anafukuzwa.

Siku ya kuwasilisha, jamaa mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga kikao hata kimoja akawahi kushika mpini ili mwalimu amwone. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Badala ya kusukuma, akavuta.

Mchanga haukupanda. Katikati ukazama, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kochi bovu. Ile mistari ya unga ikakatika kwa ngazi kushuka pande zote mbili, zikabaki kuta mbili zinatazamana na bonde katikati. Darasa kimya. Mimi machozi yananilenga. Mwalimu akainama kwenye kioo, akakaa pale muda mrefu, akasema, "Msiguse. Hii Himalaya yenu inafanana na kwetu." Akatutoa nje wote, akatuonyesha milima ya Livingstone. Akasema ule ni ukuta wa bonde, na Ziwa Nyasa limelala pale palipozama. Ndiyo siku niliyojua kwamba mikono miwili ya Bonde la Ufa, wa mashariki na wa magharibi, inakutana huku Mbeya, na kwamba Rungwe niliyokuwa naiona kila asubuhi nikienda kuchota maji ni volkano.

Tulipata 17 kwa 20. Na yule mvutaji naye 17. Inaniuma mpaka leo.

Haya, leteni za kwenu.

Mama Kashai
Fundi umenikumbusha, ila yetu haina kicheko kingi. Nilikuwa nafundisha Bukoba. Tetemeko la Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilitukuta kwanza, kazi ya kundi ikafuata. Kufundisha mabamba baada ya hapo si sawa na kufundisha kabla. Watoto wengine walikuwa wanalala nje, nyumba zimepasuka.

Sikuwapa mchanga. Niliwapa tofali moja la kuchoma kwa kila kundi, ubao uliogundishwa msasa, na ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Funga mpira kwenye tofali, vuta polepole kwa mwendo ule ule. Tofali haliendi. Mpira unarefuka, tofali haliendi. Unazidi kurefuka, mkono unaanza kutetemeka, halafu ghafla tofali linaruka kama shibiri moja. Wakapima kila mruko kwa rula na kuandika. Hakuna mruko uliolingana na mwingine, na hakuna kundi lililoweza kusema mruko ujao utakuja lini.

Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, siku zote zile tulizokuwa tunacheza, mpira ulikuwa unavutwa?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka nje. Nilimwacha atoke.

Njugu Mawe
Sisi tulitengeneza dunia nzima kwa unga wa ngano na chumvi, tukaianika bwenini juu ya kabati. Panya wakala bamba la Pasifiki lote usiku mmoja. Tuliwasilisha hivyo hivyo, tukasema limezama chini ya Asia. Mwalimu alijua. Alitupa 9.

Mzazi wa Rongai
Ninyi mnaongea kuhusu wanafunzi. Huku kwetu Kenya, mtaala wa umilisi ulipoingia, anayefanya ni mzazi. Ujumbe ulikuja saa mbili usiku kwenye simu: kesho mtoto aje na mfano wa volkano. Kesho! Kundi lao lilikuwa la watoto watano, kwa hiyo wazazi watano tulikuwa macho tunapigiana simu. Mmoja alete ndoo, mmoja magazeti ya kuloweka, mimi nikaambiwa "kile kitu kinachofoka".

Duka limefungwa, siki hakuna. Mama mkwe alikuwa amelala kwetu, akasikia zogo, akatoka na magadi yake ya kupikia maharagwe na ndimu mbili. Akaponda magadi, akamimina kwenye kikombe, akakamua ndimu. Yakafoka mpaka mezani. Halafu akatuuliza mbona tunahangaika, kwani hatujui magadi yanatoka Ziwa Magadi, na Ziwa Magadi liko ndani ya hilo hilo bonde mnalochora? Shikamoo mama, nililala.

Nyongeza kidogo. Ule ufa wa Mai Mahiu wa Machi 2018 uliokata barabara, kundi la mwanangu mkubwa waliuweka kwenye bango kwamba "Afrika inapasuka". Wanajiolojia wengi walisema ni mvua kubwa iliyosomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza mpasuko chini. Bara linaachana kweli, lakini halifanyi kazi hiyo wikendi moja. Mkitengeneza mabango muwe waangalifu na picha za mitandaoni.

Kisonge
Unguja sisi tulitumia maziwa. Mwalimu aliweka sufuria ya maziwa juu ya jiko la mkaa, kundi letu kazi yetu kutazama na kuchora kila baada ya dakika moja. Kwanza utando unatanda juu mzima. Mkaa tuliurundika katikati tu. Baada ya muda utando ukachanika pale pale katikati, vipande vikaenda kila kimoja upande wake, vikajikunja kwenye kingo za sufuria. Nilielewa mabamba na mikondo ya joto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nawaambia watu, chini ya ardhi ni uji wa moto, na sisi tuko juu ya utando.

Mpimaji
Kisonge mfano wenu mzuri, lakini hapo mwisho umetupoteza, mkuu. Chini ya mabamba si uji. Tabaka la kati la dunia ni mwamba, mgumu. Unatambaa kwa sababu una joto kali na mgandamizo, kwa miaka mamilioni, kama lami ya barabarani inayojikunja chini ya magurudumu ya malori bila kuyeyuka. Yako mawimbi ya tetemeko ambayo hayawezi kupita kwenye kimiminika, na tabaka la kati yanalipita vizuri tu. Yanakwamia kwenye kiini cha nje, ambacho ndicho kimiminika. Magma inapatikana sehemu sehemu, pale mwamba unapoyeyuka kidogo.

Na lile kwamba mabamba husogea "kama kucha inavyokua" nalo kila kundi huliandika. Kucha huota kama milimita 3 kwa mwezi, yaani kama 36 kwa mwaka. Bamba la Nubia na la Somalia, yale mawili yanayogawana Afrika, kule Ethiopia yanakoachana kwa kasi zaidi, ni milimita 6 hadi 7 kwa mwaka, na kadiri unavyoshuka kusini mwendo unapungua. Fanyeni hesabu: aliyezaliwa mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, 1961, mpaka leo hata kwa milimita 7 ardhi imeachana kama dhiraa moja, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Ila haiendi kwa utaratibu kila mahali. Afar, huko huko Ethiopia, Septemba 2005, ufa wa kama kilomita 60 ulifunguka hadi mita 8 ndani ya siku chache.

Kisonge
Sawa Mpimaji, nimekubali. Lakini maziwa tuliyanywa na lami hainyweki.

Mwalimu wa Goma
Jambo yenu wote. Huku kwetu hatufanyi volkano ya siki na ndimu. Nilijaribu mwaka mmoja, mtoto akaniambia, "Mwalimu, hii inachekesha, ile haichekeshi." Alikuwa na haki.

Kazi yetu ya kundi ni ramani. Ramani kubwa ya mji, juu ya ubao, na nyuzi nyekundu. Kundi la kwanza linafuata njia za moto wa Nyiragongo, volkano yetu, wa 1977, la pili za Januari 2002, ule uliokata mji katikati mpaka ukaingia Ziwa Kivu, la tatu za tarehe 22 Mei 2021. Vyanzo ni wazazi na babu zao. Wanakwenda nyumbani, wanauliza: ulisimama wapi, ulipita upande gani wa nyumba? Wanarudi wanabishana, kwa sababu babu wa huyu na bibi wa yule hawasemi sawa. Tunatoka kwenda kuangalia mawe meusi yenyewe, kwa kuwa hapa mawe hayahami, mengi tumeyafanya kuta za nyumba.

Ukimaliza, watoto wanaona jambo bila kuambiwa. Nyufa nyingi hazikuanzia kileleni, zilifunguka ubavuni, chini, kuelekea mjini. Ndiyo bonde linavyoachana. Baada ya ile 22 Mei ardhi ilitetemeka siku nyingi, barabara zikapasuka, tarehe 27 tukaambiwa tuhame, wengine Sake, wengine wakavuka Rwanda. Kundi la nne huwa linachora njia za kutokea. Hilo ndilo ninalolisahihisha kwa ukali zaidi.

Mkasi
Yetu fupi. Tulikata Afrika na Amerika ya Kusini kwenye boksi la runinga, tuonyeshe zilivyokuwa zimeshikana, ile hoja ya mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener ya 1912. Hazikuingiana vizuri. Pale Nijeria palikuwa panatokeza tumbo. Usiku nikachukua mkasi nikalipunguza. Mwalimu akaona, akatukata alama tano, udanganyifu.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba lile tumbo ni delta ya Mto Niger, tope lililorundikana baada ya mabara kuachana, na kwamba waliounganisha mabara kwa kompyuta 1965 hawakufuata ufuo, walifuata kingo zilizo chini ya bahari, na hata wao delta iliwapandia. Mwalimu wangu kama upo humu, nadai tano zangu.

Fundi Maboksi
Nimesoma zote na binti yangu kasoma. Maziwa mama yake kayakataa. Tofali kalipenda lakini kundi jingine wamewahi. Wameamua kasha la mchanga, na safari hii wanavuta kwa makusudi. Swali lao: mchanga wa mto au wa baharini?

Mama Kashai
Wowote, mradi uwe mkavu kabisa. Auanike, kisha auchekeche kwa chekecheo la unga. Asionekane tu na mama yake.

Njugu Mawe
Na alifunike usiku. Huo unga katikati ya tabaka, panya wanaujua.