Kozi ya utamaduni wa Kijerumani: nifanye soko la Krismasi au nizungumzie Majimaji? Naombeni ushauri

Mjukuu_wa_Ruvuma:
Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili chuo, nasoma lugha, semista hii nimechukua kozi ya utamaduni wa Kijerumani na kiukweli naipenda kuliko nilivyotegemea. Tumesoma Jumapili maduka yanavyofungwa na hutakiwi kupiga kelele, sijui chupa ya maji unailipia dipoziti senti 25 halafu unaenda kuirudisha kwenye mashine unapata hela yako, usiku watu wanakula mkate na jibini basi jiko haliwashwi. Ukuta wa Berlin nao tumeusoma, ulivyofunguka tarehe 9 Novemba 1989.

Ila kilichoniingia zaidi ni wiki tuliyosoma wanavyokumbuka maovu yao wenyewe. Pale Berlin, jirani kabisa na Lango la Brandenburg, wameweka nguzo za zege 2,711 kwa ajili ya Wayahudi waliouawa, na kwenye njia za waenda kwa miguu kuna vibamba vidogo vya shaba vyenye jina la mtu, mbele ya nyumba aliyokuwa anaishi kabla Wanazi hawajamchukua. Nchi kuweka aibu yake katikati ya mji mkuu, aisee nimewaheshimu sana kwa hilo.

Sasa mwisho wa semista kila mtu anafanya presentesheni ya jambo moja la utamaduni wao, maksi 20. Wenzangu wamechukua soko la Krismasi, mpira, bia. Mimi kwetu Songea, kila tarehe 27 Februari tangu nikiwa mdogo bibi alikuwa anatupeleka makumbusho ya Majimaji, ile vita ya babu zetu dhidi ya Wajerumani, kwenye kaburi la pamoja la walionyongwa 1906. Nataka nizungumzie Ujerumani inavyoikumbuka vita ile, au isivyoikumbuka. Marafiki wanasema hiyo ni historia ya Tanzania siyo utamaduni wa Kijerumani, halafu mwalimu mwenyewe Mjerumani, atakasirika nile sapu, nirudie mtihani. Mimi naona kama kukumbuka ni utamaduni wao basi na sisi tumo humo humo. Mnanishauri nini?

Kijana_wa_Kariakoo:
Mdogo wangu chukua soko la Krismasi upate maksi zako. Majimaji haikimbii, utaiandikia hata kitabu ukishamaliza degrii. Nakwambia kwa upendo kabisa maana sapu naijua inavyouma.

Dada_Leipzig:
Mimi nipo huku, nilikuja kulea watoto wa familia moja sasa nasoma. Mdogo wangu usiogope hata kidogo. Huku darasani mwanafunzi anampinga mwalimu mbele ya wote na mwalimu anafurahi, ilimradi uwe na hoja na useme umeitoa wapi. Kitakachokupunguzia maksi ni kuchelewa na kubwabwaja.

Na mada ipo kweli. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wao Steinmeier alifika Songea, akakutana na familia ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa kwenye vita ile, na akaomba msamaha. Mwaka 2024 kule Wedding, Berlin, barabara ambayo mwaka 1939 ilipewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani wa mikataba ya Usagara, kipande chake kimeitwa Maji-Maji-Allee. Lakini ukimwambia mtu huku unatoka Tanzania anakutajia Serengeti na Zanzibar. Vita iliyoua watu kati ya 75,000 na 300,000 kwa makadirio, wengi kwa njaa, majirani zangu hawajawahi kuisikia. Hilo nalo liseme.

Mmwera_halisi:
Au wapelekee Tendaguru, kwetu Lindi. Mifupa ya dainosa ilichimbwa 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandarini Lindi, leo imesimamishwa Berlin ina urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu watu wanalipa kiingilio kuiona. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtaje jina lake tafadhali.

Mwalimu_mstaafu:
Mwanangu, mada yako ni nzuri ila ni pana mno kwa presentesheni moja. Chukua mtu mmoja: Bayume Mohamed Husen. Kazaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari, yaani Mwafrika aliyetumikia jeshi la wakoloni wa Kijerumani, naye akaingia jeshi la Kijerumani vita ya kwanza akiwa bado mtoto. 1929 kaenda Berlin kudai mishahara yao, yake na ya baba yake, akaambiwa kachelewa. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. 1941 wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen 1944. Kibamba chake kipo Brunnenstraße. Hapo huyo mwalimu hawezi kukwambia umetoka nje ya mada.

Mjukuu_wa_Ruvuma:
Shikamoo mwalimu, asante sana, sikuwahi kumsikia huyu. Ila kuna kitu kinanisumbua, askari ndio waliochoma mashamba na maghala ya chakula Ungoni. Nitasimamaje kumsifia mtoto wa askari wakati bibi yangu anajua ndugu zake waliisha kwa njaa ile?

Mwalimu_mstaafu:
Marahaba. Nani kakwambia umsifie? Eleza yote mawili, baba alimtumikia nani na mtoto alifanywa nini. Halafu uwaulize darasani kwa nini aliyeuawa Berlin ana kibamba na waliokufa njaa Ungoni wakasubiri hadi 2023 kuombwa msamaha.

Dada_Leipzig:
Swali hilo hilo liwe slaidi ya kwanza. Na mwandikie mwalimu imeili leo umwambie mada, wanapenda kujua mapema.

Mjukuu_wa_Ruvuma:
Nimeshamwandikia. Akijibu naleta mrejesho. Kuna mwenye kujua kama makumbusho ya Songea wanaruhusu kupiga picha ndani?