Tupa za kunolea cheni ya chenso zinakufa mapema, nyie mnazitunzaje?

mpasuaji_kaliua
Wakuu habari za mida hii. Nipo Kaliua huku Tabora, napasua mbao na chenso (msumeno wa injini) mwaka wa nne sasa, kibali kikitoka tunaingia porini wiki mbili tatu ndo turudi. Shida yangu ni tupa. Nachukua Tabora mjini nne kabisa kwa mpigo maana kule porini hakuna duka, lakini zikifika siku kumi hivi zinateleza tu juu ya jino la cheni, kama unapapasa, haili chuma kabisa. Zinakaa kwenye begi la zana pamoja na spana, plagi na dumu dogo la oili, begi linafungwa nyuma ya pikipiki. Na masika haya ndo zimeshika na kutu. Kuna mtu aliniambia nizichovye kwenye oili chafu, nikachovya, zikawa mbaya zaidi. Naombeni msaada jamani, mninga mkavu ukiukata na cheni butu mikono inakufa ganzi mpaka usiku.

fundi_uvinza
Pole sana mkuu. Leo leo zitoe hizo tupa kwenye spana. Tupa ni chuma kigumu ila kinameguka kama kigae, vimeno vyake vikigongana na spana au tupa kwa tupa huko njiani kwenye mashimo vinakatika vyote na wewe huoni. Mimi nimekata bomba la plastiki la nusu inchi, refu kidogo kuliko tupa (hizi zetu ni sentimita 20), kila tupa na bomba lake. Chini nimelipasha moto nikalibana na koleo likaziba, juu nazibia gunzi la mahindi. Gunzi hilo hilo nalifanya mpini wakati wa kunoa. Ukikosa bomba tumia tyubu kuukuu ya baiskeli, ila ikaushe ndani kwanza. Na usizibebe karibu na chumvi, mimi huku Uvinza niliwahi kuziacha kwenye gari lililopakia magunia ya chumvi, siku mbili tu zikawa nyekundu.

mpasuaji_kaliua
Bomba ninalo mkuu, nafanya kesho. Sasa oili vipi, nisipake kabisa?

fundi_uvinza
Za kazi usipake. Oili inashika zile chenga za chuma na unga wa mbao, inakuwa uji ndani ya mitaro, tupa inapanda juu ya uji badala ya kugusa jino. Safisha na brashi ya waya kufuata mitaro, halafu sugua chaki ya ubaoni, chenga hazitang'ang'ania. Zile za kuweka miezi ndo unapangusa na kitambaa chenye oili safi kidogo sana unafunga na karatasi. Siku ya kuitumia ioshe na petroli mbali na moto, ikauke.

mama_vipuri
Kaka naongezea. Tupa ya milimita 4.8 na ya 5.2 kwa macho ni ngumu kutofautisha zikishachanganyikana, na ukinoa na saizi siyo ya cheni yako jino linaharibika umbo. Paka rangi ya kucha kwenye mkia, ile ncha inayoingia kwenye mpini, kila saizi rangi yake. Wateja wangu wengi wamepona hapo.

mzee_kasulu
Mwanangu, kabla hujalaumu kutu hebu ichukue tupa moja uigeuze geuze juani. Penye kahawia ni kutu. Penye kung'aa kama kioo ni meno yamekwisha, hapo bomba halikusaidii. Ukiona inang'aa sehemu moja tu ya katikati ujue unasukuma na kurudisha huku umekandamiza. Tupa inakata ikienda mbele, ikirudi iinue isiguse jino, na kila misukumo michache izungushe kidogo. Halafu magogo ya huko kwenu yana udongo wa vichuguu, huo mchanga ndo unaoua cheni, na jino likishapata moto likawa la bluu linakuwa gumu linaila tupa yenyewe. Bandua ganda na panga pale unapopitisha msumeno.

mpasuaji_kaliua
Shikamoo mzee. Nimezitazama zote nne asubuhi hii. Mbili zinang'aa katikati, urefu wa vidole viwili, upande mmoja tu, ni kama ulivyosema, mi huwa navuta mbele na nyuma kama nasugua sufuria na hakuna aliyewahi kunirekebisha. Moja ilikuwa imejaa uji wa oili, nimeiosha na petroli nikapiga brashi, imekula jino vizuri sana, nimefurahi kweli. Ya nne kutu imeingia mpaka ndani ya mitaro, nawaza niifanye kibanduo cha kutolea misumari.

mzee_kasulu
Marahaba. Hiyo ya nne usibandulie kitu wala kuigonga nyundo, itakatika na kipande kikurukie jichoni.