EGFP, mCherry au tdTomato: ninunue lentivirasi ipi?

MwanaMaabara_Moro
Wakuu, salaam. Nina bajeti ya vekta moja tu ya lentivirasi (virusi vilivyonyofolewa makali, vya kubebea jeni hadi ndani ya seli) yenye protini ya kung'aa, na msimamizi anataka oda iingie kabla ya Ijumaa. Nimebaki na tatu: EGFP ya kijani, mCherry nyekundu na tdTomato ya chungwa. Nasikia tdTomato ndiyo inayowaka kuliko zote. Halafu mmoja ananiambia ninunue virusi vilivyo tayari, mwingine anasema nichukue plazimidi (vipande vya DNA vya duara) nitengeneze virusi mwenyewe. Nipeni uzoefu.

Bi Hadubini
Nusu ya swali umebaki nayo mfukoni. Seli gani? Jeni unayopeleka ina ukubwa gani? Mashine ya kusomea ina leza zipi? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Kasuku_488
Chukua EGFP ulale. Inanyonya mwanga wa nanomita 488, inatoa wa 507, saitometa (mashine ya kusomea seli zinazong'aa) yoyote utakayoazima itaiona. Hao wa mCherry wanatafuta picha za kupendeza kwenye slaidi.

Mzee wa Plazimidi
tdTomato inawaka kweli, ila ni kipande kilekile kimeunganishwa mara mbili, kama jozi za besi (bp) 1,430, wakati EGFP ni 720. Lentivirasi na marudio haviivi: RNA inaponakiliwa kuwa DNA, kimeng'enya huweza kuruka kutoka nakala moja hadi nyingine na cha katikati kikapotea. Nafasi yenyewe nayo ni finyu, ukizidi kb (bp elfu) 8 au 9 mavuno yanashuka. Ningekuwa wewe ningechukua plazimidi: psPAX2 (viungo vya virusi), pMD2.G (gamba la nje) na yenye jeni yako, unazimwaga kwenye seli za HEK293T zikuzalishie virusi, basi. Za Addgene, ghala la plazimidi, husafiri ndani ya bakteria kwenye agari, hazitaki barafu.

MwanaMaabara_Moro
Asanteni. Seli ni THP-1, za saratani ya damu ya binadamu, nitazigeuza makrofeji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) kwa kemikali ya PMA. Jeni ni kb 1.6. Mashine ni Accuri C6, ya jengo la jirani.

Bi Hadubini
Ndiyo maana nikauliza! Accuri C6 ina leza mbili, 488 na 640. mCherry kilele chake ni 587, inataka 561 au jirani yake, kwa hiyo hapo utaangalia giza. Makrofeji nazo zina ukijani wake wa asili, EGFP ikiwa hafifu itazama humohumo.
La pili, usisubiri PMA ndipo uweke virusi. THP-1 zikiacha kugawanyika, protini ya SAMHD1 inaanza kazi, inafyeka dNTP, yaani matofali ya DNA, na virusi vinakosa malighafi ya kunakilia. Ingiza virusi kwanza, chuja zinazong'aa, PMA baadaye. Ukilazimika kwenda kinyume, utahitaji Vpx, protini ya virusi inayoiondoa SAMHD1.

Dr_Asiye_na_PhD
Ngoja niseme la virusi vya tayari, maana lilituuma. Maabara niliyokuwa iliviagiza kwa kampuni moja ya nje. Cheti kikaja na namba nono ya chembe kwa mililita, tukapiga hesabu ya MOI 5 (virusi vitano kwa kila seli), polibrini ya kusaidia virusi kushika seli mikrogramu 8 kwa mililita, kesho yake asubuhi kisahani kizima kijani. Mtu akapiga picha akamtumia profesa. Wiki haijaisha, kijani kimebaki cha kutafutia tochi. Kuchunguza, ile namba ilitokana na p24, yaani protini ya ganda, ambayo inahesabu na chembe zisizoweza kuambukiza kitu. Kijani cha siku ya kwanza nacho ilikuwa GFP, ile protini ya kijani, iliyobebwa na virusi kutoka kwenye seli zilizovizalisha, jeni yenyewe haijaingia popote. Tukawaandikia. Wakajibu kwamba cheti kiko sahihi, na ukisoma maandishi madogo ya chini, kweli kiko sahihi! Juu ya hapo mzigo ulilala uwanja wa ndege wikendi nzima, barafu kavu ikayeyukia hewani. Kwa hiyo ndugu yangu, dai namba ya TU (chembe zinazoingiza jeni kweli) iliyopimwa kwenye seli, na ukishapokea pima tena kwenye THP-1 zako, usiangalie kabla ya saa 72.

Kasuku_488
Barafu kuisha si kosa la kampuni, ni la wakala wenu wa forodha.

Dr_Asiye_na_PhD
Wakala aliona neno "virusi" kwenye hati, akadai kibali ambacho hata yeye hakujua kinatolewa wapi.

Mama Usalama
Bora alivyoogopa. Hiyo ni HIV-1 iliyonyofolewa, si maji ya bomba. Mzee anaitangaza psPAX2 ya kizazi cha pili kana kwamba kizazi cha tatu hakijawahi kuwepo: plazimidi nne, jeni ya virusi ya tat imetolewa, rev imekaa kwenye plazimidi yake peke yake. Kijana, una kabati la usalama la BSL-2 au unafanyia mezani?

Mzee wa Plazimidi
Mama, psPAX2 inafungasha hata plazimidi za kizazi cha tatu zenye LTR (ncha za jeni za virusi) iliyokatwa, na mavuno mara nyingi ni mazuri zaidi. Hatari kubwa iko kwenye jeni unayobeba. Ukibeba jeni ya saratani ukajichoma sindano, kizazi hakitakusaidia.

Mama Usalama
Sindano kwenye kazi ya lentivirasi ya nini tena? Ndiyo mambo ninayoyasema.

MwanaMaabara_Moro
Kabati lipo. Samahanini, kuna kitu sikukitaja: hizo makrofeji nitaziambukiza BCG (bakteria wa chanjo ya kifua kikuu) yenye GFP.

Bi Hadubini
Yaani kijani kimeshachukuliwa na bakteria, wewe unauliza kuhusu EGFP! Tazama iRFP670, protini ya kung'aa ya wekundu wa mbali: inanyonya 643, inatoa 670, leza yako ya 640 inaikuta palepale. Inahitaji kemikali ya biliverdini ili ing'ae, na seli za mamalia zinaitengeneza zenyewe.

Kasuku_488
Au atumie BCG isiyo na rangi, EGFP ibaki.

Mzee wa Plazimidi
Vyovyote vile, promota (swichi ya kuwasha jeni) isiwe CMV, seli za damu huizima. EF1α au PGK. Na kuunganisha jeni yako na ile ya kung'aa, P2A kuliko IRES, maana kinachokaa nyuma ya IRES hutoka kidogo.

Bi Hadubini
P2A inaacha mkia wa asidi amino kama 20 kwenye protini ya mbele. Jeni yake ni ipi? Mwisho wake ukiguswa inafanya kazi bado?

MwanaMaabara_Moro
Jeni siwezi kuitaja, haijachapishwa. Msimamizi amesoma uzi huu. Anasema iRFP hajawahi kuitumia, anataka tdTomato.

Bi Hadubini
Pamoja na GFP, kwenye leza hiyohiyo ya 488? Mwambie aje hapa mwenyewe.

Kasuku_488
Dr, huyo wakala wa forodha mliishia kumbadilisha? Nina mzigo wa vimeng'enya unakuja mwezi ujao.