Mtoto kaona bastola kiunoni mwa mtu dukani (Texas). Nimjibuje?

Mama Riziki, Fort Worth
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tumefika Texas majuzi tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Dukani mwanangu wa miaka 6 kamwona mtu kavaa kaptura na kandambili, bastola kiunoni, anachagua nyanya. Akauliza kwa sauti: "Mama, huyu ni mwasi? Anakuja kumpiga nani?" Nikamziba mdomo, tukatoka. Tangu hapo haachi kuuliza, na kaka yake wa miaka 11 anasikiliza kimya. Ni halali kweli? Na niwajibu kwa maneno gani?

Kaka Bahati
Karibu Texas, dada. Ndiyo, ni halali. Tangu 1 Januari 2016 mwenye leseni anaruhusiwa kubeba bastola waziwazi. Tangu 1 Septemba 2021 leseni si lazima tena. Sheria iliandikwa kwa watu wa miaka 21 na zaidi ambao hawajakatazwa kumiliki silaha. Ikionekana, lazima iwe ndani ya ala. Kuitoa na kuionyesha kwa namna ya kutisha watu ni kosa.

Mwenye duka naye ana haki ya kukataa. Tazama mlangoni: kibao chenye namba 30.07, maandishi makubwa ya Kiingereza na Kihispania, kinawazuia wenye leseni kubeba waziwazi. 30.05 kinawahusu wasio na leseni. 30.06 ni cha bastola iliyofichwa, kwa hiyo hicho peke yake hakimzuii uliyemwona. Maduka ya Walmart yaliomba wateja wasibebe waziwazi mwezi Septemba 2019, baada ya mtu kuua watu kwa risasi dukani kwao El Paso, Texas, tarehe 3 Agosti. Ukihamia jimbo lingine uliza upya: Illinois hairuhusu kabisa kubeba waziwazi.

Bi Salma wa Chekechea
Kaka kamaliza ya sheria, mimi naja kwenye maneno.

Kumziba mdomo kunaeleweka, mama Riziki, lakini mtoto husikiliza mkono wako kabla ya maneno yako. Ukimvuta kwa hofu, umeshamjibu kwamba hatari ipo na haisemwi. Wala usimwambie "huyo ni polisi". Siku akipotea dukani atamkimbilia yeyote mwenye bastola. Mfundishe polisi anavyotambulika: sare, beji, jina kifuani, gari lenye taa. Akipotea, amwendee mfanyakazi aliyevaa kitambulisho cha duka, au mama mwenye watoto.

Palepale dukani zinatosha sentensi mbili, kwa sauti ileile unayoulizia bei: "Hiyo ni bastola, na hapa sheria inawaruhusu watu kuibeba. Tutaongea tukitoka." Kisha muongee kweli, siku hiyohiyo. Anza kwa kumuuliza: "Ulipoiona, uliwaza nini?" Neno "mwasi" halikumjia bure, mjibu hilo kwanza. "Wale wa kule walikuja kupora. Huyu alikuwa ananunua nyanya. Simjui, lakini najua la kufanya, nawe nitakufundisha." Usimwambie kwamba mtu huyo hana neno. Humjui, na mtoto ataichukua kauli yako kama ruhusa ya kumsogelea.

La kufanya ni hili: tazama bastola ilipo. Ikiwa ndani ya ala na mkono wa mwenyewe uko mbali nayo, tunaendelea na yetu. Hatusogei, hatunyooshi kidole. Ikiwa mkononi, tunaacha kikapu na kutoka, hata kama zamu yetu imefika. Kwenye foleni, bastola ya kiunoni iko usawa wa macho ya mtoto wa miaka 6, na mkono wake unaifikia. Simama wewe katikati.

Yule wa 11 mpe ukweli mzima: kwamba haki ya silaha imo katika Katiba ya Marekani tangu 1791, kwamba wapo wanaobeba kwa kujilinda, na wapo majirani zao wanaoogopa kama wewe. Mwambie pia wewe unaonaje. Huyo anyamazaye ndiye wa kukaa naye zaidi.

Mzee Lukusa, Phoenix
Naongeza mawili. Kwanza, maneno matupu hayatoshi. Mpango wa Eddie Eagle, wa kuwafundisha watoto usalama wa silaha, ulioanza 1988, husema ukiona bunduki: simama, usiguse, kimbia, mwambie mtu mzima. Mtoto anaweza kuyakariri vizuri na bado akaiokota bastola akiikuta chini ya mto wa kulalia. Mfanyishe kwa miguu. Weka bastola ya kuchezea chini ya kochi bila kumwambia, umwache aikute. Akiigusa, usimpige, rudieni palepale hadi ageuke na kuja kukuita. Siku nyingine ificheni chumba kingine.

Pili, bastola za kuchezea zisitoke nje ya mlango. Tamir Rice alikuwa na miaka 12 polisi walipompiga risasi Cleveland, Novemba 2014, akiwa na bastola ya kuchezea isiyo na ncha ya rangi ya chungwa, ile inayoonyesha kwamba si ya kweli. Na Ohio, jimbo lenye Cleveland, linaruhusu kubeba waziwazi. Watoto wetu weusi waambiwe hivyo bila kuzungushwa. Pia "pah pah" ya vidole shuleni walimu wanaweza kuichukulia kama tishio.

Mama Riziki, Fort Worth
Asanteni sana, Mungu awabariki. Wanangu wamealikwa kwa jirani Jumapili. Namuulizaje habari ya silaha bila kumuudhi?

Bi Salma wa Chekechea
Lichanganye na mengine, tena kabla ya Jumapili: "Wanangu hupekua kila kitu. Mna mbwa? Kuna bwawa la kuogelea? Kuna bunduki isiyofungiwa?"  Jibu unalotaka ni: haina risasi, imefungiwa, na risasi zimefungiwa kwingine. "Iko juu ya kabati" silo jibu, kwa sababu wa miaka 11 anapanda kiti. Texas ni kosa la mtu mzima mtoto chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi aliyoiacha kizembe. Akijibu vibaya, usibishane naye. Mwambie watoto wake waje kuchezea kwako.