Hadubini, taa nyekundu au OTDR: kipi kitangulie kwenye begi la fundi wa faiba?

FundiMzizima: Ndugu mafundi, tunahudumia wateja wa majumbani kwenye mfumo wa GPON (faiba moja inayogawanywa kwa nyumba nyingi), na begi letu lina pawa mita ya kupima nguvu ya mwanga na vifaa vya kusafishia tu. Fedha zilizopo zinatosha kifaa kimoja kikubwa. Malalamiko mengi ni ya intaneti inayokatika na kurudi, huku mita ikisoma -26 au -27 dBm mahali ambapo awali ilisoma -20, yaani mwanga umepungua. Tuanze na kipi?

MwanaTanga: Anza na hadubini ya kukagulia konekta. Kiini cha faiba ya singo modi kina upana wa mikrometa 9 hivi, kwa hiyo chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuzuia sehemu kubwa ya mwanga, na ukichomeka konekta ikiwa chafu, chembe hiyo husagika na kuukwaruza uso wa konekta ya pili. Kagua, safisha, kagua tena, ndipo uchomeke. Usiishie kwenye pachikodi (waya mfupi wa kuunganishia), kwani upande uliojificha ndani ya adapta ndio unaosahaulika zaidi. Ukiona madoa ya ukungu kuzunguka kiini, ujue spiriti iliachwa ikauke yenyewe badala ya kufutwa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi.

NuruKisauni: Kwa heshima, mimi ningenunua OTDR, mashine inayotuma mwanga ndani ya faiba na kuonyesha upotevu uko umbali gani, kwa sababu hadubini haiwezi kukuonyesha waya uliobanwa nyuma ya kabati. Pima kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na 1550: upotevu ukizidi sana kwenye 1550, shuku mkunjo, ukikaribiana, shuku konekta au maungio.

MwanaTanga: Kipimo hicho ni kizuri, Ndugu Nuru, lakini kwenye laini inayotumika na wateja kinahitaji OTDR yenye nanomita 1625 au 1650 na kichujio, na bila waya wa kutangulizia (faiba ya ziada kati ya mashine na laini), konekta ya kwanza, ambayo ndiyo tunayoishuku, humezwa na eneo pofu la mashine, yaani sehemu ya mwanzo isiyoweza kuiona vizuri. Kwa mkunjo wa ndani ya nyumba, taa nyekundu ya bei nafuu inayomulika ndani ya faiba inatosha, maana mwanga huvuja na kuonekana kupitia ganda jembamba. Kwenye waya mweusi wa nguzoni haisaidii.

BiShangani: Kabla ya kununua chochote, tazameni rangi. Konekta ya kijani imechongwa kwa mshazari wa digrii 8, ya bluu haina mshazari huo, na zikikutanishwa upotevu unakuwa mkubwa hata mkisafisha mchana kutwa. Tena, chukueni hadubini ya kamera na skrini, si ya kuchungulia kwa jicho: mwanga wa GPON wa nanomita 1490 hauonekani, nao unaweza kuliumiza jicho.

FundiMzizima: Ahsanteni sana. Tutachukua hadubini yenye skrini pamoja na taa nyekundu. Konekta zetu zote ni za kijani, aina ya SC; je, ncha ya kawaida ya hadubini itafaa?

BiShangani: Haitafaa. Agizeni ncha ya mshazari, vinginevyo sehemu ya picha itakuwa na ukungu, nanyi mtadhani ni uchafu.